Jiwe Katika Njia ya Mkojo: Tuchague Tiba kwa Kipimo, si kwa Sifa ya Mashine

Watu waliowahi kupatwa na jiwe katika njia ya mkojo husema kwamba hawajui maumivu yanayoyazidi hayo. Mgonjwa hushikwa ghafla ubavuni, maumivu hushuka hadi kinenani, hutapika, hugaagaa, wala hapati namna ya kulala ikampa nafuu. Kwa hiyo si ajabu kwamba mtu huyo na jamaa zake huwa tayari kuuza ng'ombe au kiwanja ili jiwe litolewe, na litolewe kwa mashine iliyo mpya kuliko zote walizopata kuzisikia. Siku hizi inayosifiwa ni leza. Katika miaka ya 1980 iliyosifiwa ilikuwa mashine ya mawimbi ya mshtuko.

Maoni yetu katika makala haya ni kwamba swali la "mashine ipi ni bora kuliko zote" ni swali lililoulizwa vibaya. Swali linalostahili ni hili: jiwe hili, lenye ukubwa huu, lililokaa mahali hapa, katika mwili wa mtu huyu anayeishi umbali huu kutoka hospitalini, litolewe kwa njia gani? Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe halipatikani kwa kusifu bali kwa kuhesabu.

Somo la Paris

Desturi ya kuhesabu matokeo ya tiba ina historia ndefu, na jambo la kupendeza ni kwamba mawe ya kibofu ndiyo yaliyokuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuhesabiwa. Kwa karne nyingi njia pekee ya kuondoa jiwe la kibofu ilikuwa kumpasua mgonjwa akiwa macho, bila ganzi wala dawa ya usingizi. Mwaka 1824 daktari Mfaransa Jean Civiale alianza kuvunja mawe ndani ya kibofu kwa chombo alichokipitisha katika njia ya mkojo, bila kisu. Baadaye alikusanya hesabu za wagonjwa wengi kutoka sehemu mbalimbali za Ulaya. Hesabu hizo zilionyesha kwamba katika kupasuliwa alikufa mgonjwa mmoja hivi kati ya watano, lakini katika kuvunjwa jiwe walikufa wawili hivi kati ya mia.

Mwaka 1835 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliunda kamati ya kuzitazama hesabu hizo. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa mwanahisabati mashuhuri Poisson. Kamati haikufurahishwa sana. Ilitoa hoja kwamba tiba humhusu mtu mmoja mmoja, na kwamba mtu hapaswi kupotea ndani ya jumla ya watu. Zaidi ya hayo, lilikuwapo swali la haki kabisa: je, Civiale alichagua wagonjwa wenye mawe madogo na afya njema, akawaacha wengine wapasuliwe? Kama ndivyo, basi makundi mawili hayakulingana, na kuyalinganisha ni sawa na kulinganisha mbio za kijana na za mzee.

Pande zote mbili zilikuwa na jambo la kutufundisha. Civiale alitufundisha kuhesabu. Wapinzani wake walitufundisha kuuliza ni akina nani waliohesabiwa. Tukiyashika mafundisho hayo mawili tunaweza kuzitazama njia za leo bila kupumbazwa.

Njia zilizopo

Kwanza tukumbuke umbile la mwili. Figo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwa mrija mwembamba uitwao ureta, wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 hivi, ukaingia katika kibofu, kisha ukatoka nje. Mkojo ukiwa mzito kwa chumvi, fuwele huanza kuganda, na fuwele zikikua huwa jiwe. Mawe mengi ni ya kalsiamu. Mengine ni ya asidi ya yuriki, na mengine huletwa na maambukizo ya vijidudu.

Si kila jiwe linahitaji daktari mpasuaji. Mawe ya ureta yasiyozidi milimita 5 hutoka yenyewe kwa wagonjwa wengi, na yale ya milimita 5 hadi 10 hutoka kwa karibu nusu yao. Mgonjwa wa namna hiyo, ikiwa hana homa na figo zake zafanya kazi, anahitaji dawa ya maumivu, uangalizi na subira. Jiwe la asidi ya yuriki laweza hata kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza uchachu wa mkojo. Ni msiba mtu kupasuliwa kwa ajili ya jiwe ambalo lingeyeyuka kwa dawa ya kunywa.

Pale jiwe linapohitaji kuondolewa, njia kuu ni nne.

Ya kwanza ni upasuaji wa wazi, ambao ni mkongwe kuliko zote. Mpasuaji hukata ubavu au tumbo, hufungua figo, ureta au kibofu, na kulitoa jiwe zima. Kovu ni kubwa, na kupona huchukua majuma kadhaa.

Ya pili ni kupitia tundu la mgongoni. Mwaka 1976 Fernström na Johansson wa Stockholm, nchini Sweden, walieleza jinsi walivyotoboa njia nyembamba kutoka mgongoni hadi ndani ya figo, wakaitanua na kulitoa jiwe kwa kuongozwa na picha za eksirei. Leo mpasuaji hupitisha chombo chenye kioo na taa katika tundu la ukubwa wa sentimita moja hivi, au dogo zaidi, akalivunja jiwe na kuvitoa vipande vyake.

Ya tatu ni mawimbi ya mshtuko. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier, nchini Ujerumani, walikuwa wakichunguza athari za mawimbi ya mshtuko katika vyombo vya angani. Uchunguzi huo ulizaa wazo la kuyaelekeza mawimbi yakutane katika nukta moja, mahali lilipo jiwe. Tarehe 7 Februari, 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo. Mgonjwa alilazwa ndani ya birika la maji, na jiwe likavunjwa bila ngozi kukatwa. Mashine za leo hazihitaji birika. Lakini vipande vya jiwe havitolewi na mashine. Ni mgonjwa mwenyewe anayevikojoa.

Ya nne ni chombo chembamba kinachopitishwa katika njia ya mkojo, kibofuni, na kupanda katika ureta hadi figoni. Tangu miaka ya 1990 chombo hicho kimeshirikiana na leza ya holimiamu, inayopenya katika uzi wa kioo na kulisaga jiwe kuwa unga. Hii ndiyo "leza" inayozungumzwa mitaani. Wengi hudhani kwamba leza humulika kutoka nje ya mwili. Sivyo. Ni upasuaji halisi, unaohitaji dawa ya usingizi au ganzi ya uti wa mgongo, ingawa hauachi kovu.

Hesabu zinasema nini

Tuanze na mawe ya figo yaliyokaa katika sehemu yake ya chini. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Amerika ya Kaskazini ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, ili yale makundi mawili yalingane. Baada ya miezi mitatu, kati ya waliotobolewa mgongoni, 95 katika kila 100 hawakuwa na jiwe tena. Kati ya waliopigwa mawimbi ya mshtuko, waliobaki bila jiwe walikuwa 37 tu katika kila 100. Sababu yake inaeleweka hata na fundi bomba: vipande vilivyovunjika chini ya figo vinatakiwa vipande mlima kabla ya kutoka.

Sasa tuyatazame mawe ya ureta. Uingereza iliwagawa wagonjwa 613 kwa bahati nasibu katika hospitali 25: wengine mawimbi ya mshtuko, wengine chombo cha ndani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba katika miezi sita wagonjwa 22 kati ya 100 waliopigwa mawimbi walihitaji tiba nyingine, na waliotibiwa kwa chombo cha ndani ni 10 kati ya 100. Mtu wa haraka atasema chombo cha ndani kimeshinda. Lakini msomaji atazame tena: kati ya waliopigwa mawimbi, 78 katika kila 100 hawakuhitaji tiba nyingine. Na gharama ya mawimbi ilikuwa ndogo. Kwa hiyo ushindi hutegemea unachokipima: idadi ya safari za hospitalini, au fedha, au kukwepa upasuaji.

Kwa jumla, mwafaka wa wataalamu leo ni huu. Jiwe la figo linalopungua sentimita 1 laweza kuanza kwa mawimbi. Kati ya sentimita 1 na 2, mawimbi au chombo cha ndani, kwa kutazama mahali lilipo na ugumu wake. Linalozidi sentimita 2, tundu la mgongoni. Upasuaji wa wazi, katika nchi zenye vifaa vyote, umebaki kwa wagonjwa wachache sana.

Kila njia ina madhara yake. Tundu la mgongoni laweza kuvuja damu, na wagonjwa watano hadi saba hivi kati ya mia huhitaji kuongezewa damu. Chombo cha ndani chaweza kuijeruhi ureta au kusukuma vijidudu katika damu. Mawimbi hayafai kwa mjamzito, wala kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri, wala pale ambapo njia chini ya jiwe imeziba.

Kanuni ya wengine na hali yetu

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha maoni yetu. Mwongozo huo umeandikwa katika nchi ambako mgonjwa hukaa saa moja kutoka hospitalini, umeme haukatiki, na mgonjwa akiambiwa arudi baada ya majuma mawili hurudi. Tukiuchukua kama ulivyo tutafanya kosa lile lile ambalo kamati ya Paris ilionya: kumsahau mtu aliye mbele yetu.

Chukua mfano wa mvuvi wa mwambao au mkulima wa kando ya ziwa ambaye alipata kichocho akiwa mtoto. Mayai ya kichocho huacha makovu katika ureta, na makovu hayo huweza kuifanya iwe nyembamba. Mtu huyo akipigwa mawimbi ya mshtuko, jiwe litavunjika vizuri kabisa, lakini vipande vitapangana juu ya mahali pembamba na kuziba figo. Mashine itakuwa imefanya kazi yake, na mgonjwa atakuwa katika hali mbaya kuliko alivyokuja. Kwake yeye swali la kwanza si jiwe bali mrija.

Chukua mfano wa pili. Baada ya kutumia chombo cha ndani, mara nyingi mpasuaji huacha kijimrija laini cha plastiki ndani ya ureta ili mkojo upite wakati uvimbe ukipungua. Kijimrija hicho hakina budi kutolewa au kubadilishwa katika majuma au miezi michache. Mgonjwa aliyerudi kijijini, akapona maumivu, akakosa nauli, au hakuelezwa kwa lugha anayoielewa, hukisahau. Chumvi ile ile iliyotengeneza jiwe la kwanza hukizunguka na kutengeneza la pili, nalo huwa gumu kulitoa kuliko la kwanza. Figo yaweza kufa hivyo, kimya kimya. Hilo si kosa la leza. Ni kosa la kununua leza pasipo kununua daftari.

Tena kuna mgonjwa wa tatu, ambaye hatari yake inapita ya wote: mwenye jiwe lililoziba ureta huku mkojo uliozuiwa ukiwa na usaha. Huyu ana homa na mapigo ya moyo ya mbio, na maisha yake yanapimwa kwa saa. Hahitaji jiwe kuvunjwa siku hiyo. Kulivunja kwaweza kumwua. Anahitaji dawa za kuua vijidudu, na mkojo uzibuliwe, ama kwa kijimrija cha ndani, ama kwa mpira mwembamba unaoingizwa figoni kupitia mgongoni kwa ganzi ya mahali hapo na kwa kuongozwa na ultrasaundi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa namna hiyo ambao hawakuzibuliwa walikufa 19 hivi katika kila 100, na kati ya waliozibuliwa, 9 hivi. Hakuna tofauti kati ya leza na mawimbi inayokaribia tofauti hiyo. Nayo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji ultrasaundi, sindano, mpira, na mtu aliyefundishwa.

Usiache mbachao

Wapo wanaosema kwamba kuendelea kufundisha upasuaji wa wazi ni kubaki nyuma. Hoja yao ina uzito: hakuna anayependa mgonjwa akatwe ubavu pale ambapo tundu la sentimita moja lingetosha, na ni haki ya mwananchi kupata tiba isiyomlaza kitandani majuma mengi wakati wa kupanda. Sisi pia tunatamani siku ambapo kila mkoa utakuwa na vyombo hivyo pamoja na mafundi wa kuvitengeneza.

Lakini wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Chombo laini cha kupanda figoni ni kitu chepesi kuharibika; baada ya kutumiwa mara kadhaa huhitaji matengenezo ya gharama kubwa. Kikiharibika, mgonjwa aliye mezani atatibiwa na nini, ikiwa mpasuaji kijana hajawahi kuona figo ikifunguliwa? Kwa jiwe kubwa la kibofu, hasa la mtoto ambaye njia yake ya mkojo ni nyembamba, mkato mdogo juu ya kinena bado ni tiba nzuri na ya haraka, wala hakuna haja ya kuuonea haya. Na jiwe moja kubwa likitolewa zima kwa mkono uliozoea, katika safari moja ya hospitalini, laweza kumfaa mtu wa mbali kuliko safari nne za mawimbi ambazo hatazimaliza.

Hatusemi kwamba mkongwe ni bora. Tunasema kwamba ubora wa njia ni pamoja na mikono inayoifanya, vipuri vinavyoidumisha na barabara inayomrudisha mgonjwa.

Mapendekezo

Kwa kufuata hoja hizo, tunapendekeza mambo matano kwa wenye dhamana.

Kwanza, kabla ya kununua mashine yoyote ya kuvunja mawe, kila hospitali ya mkoa iwe na uwezo wa kuizibua figo iliyoziba, usiku na mchana. Huu ndio msingi. Mengine ni kuta na paa.

Pili, kila kijimrija kinachowekwa ndani ya mwili kiandikwe katika daftari, pamoja na tarehe ya kukitoa na namba ya simu ya mgonjwa na ya jirani yake. Mtu mmoja apewe jukumu la kulisoma daftari hilo kila juma.

Tatu, mashine zinunuliwe pamoja na mafunzo ya mafundi na fungu la vipuri, na ziwekwe katika vituo vichache ambamo wapasuaji watapata wagonjwa wa kutosha kuuimarisha ujuzi wao. Mashine kumi zinazotumika mara moja kwa mwezi ni dhaifu kuliko mbili zinazotumika kila siku.

Nne, tuhesabu. Kila hospitali inayotibu mawe iandike ukubwa wa jiwe, mahali lilipokuwa, njia iliyotumika, kama jiwe lilikwisha, kama mgonjwa alirudi na nini kilimpata. Hizo ni safu sita za karatasi. Baada ya miaka mitano tutakuwa na hesabu zetu wenyewe, za watu wetu, wenye kichocho chao na masafa yao, wala hatutalazimika kukisia kwa kutazama hesabu za London. Aliyoyafanya Civiale karne mbili zilizopita, kwa kalamu na barua, hayawezi kutushinda.

Tano, kinga isidharauliwe. Aliyepata jiwe mara moja yuko hatarini kulipata tena. Mwaka 1996 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitano wagonjwa 199 waliokuwa wamepata jiwe kwa mara ya kwanza. Walioshauriwa kunywa maji mengi, hata wakakojoa lita 2 au zaidi kwa siku, jiwe liliwarudia 12 katika kila 100. Walioachwa na desturi zao, liliwarudia 27. Kwa mtu anayelima juani au anayefanya kazi katika joto la mwambao, ushauri huo una maana kubwa kuliko mahali pengine. Lakini ushauri wa kunywa maji ni mzaha kwa mama anayeteka ndoo moja kwa mwendo wa saa mbili. Kisima cha kijiji nacho ni sehemu ya tiba ya mawe ya figo, na wizara ya maji ina nafasi yake katika mjadala huu kama wizara ya afya.

Na wewe msomaji, ukipatwa na jiwe, wewe au ndugu yako, usianze kwa kuuliza iliko leza. Muulize daktari maswali haya: Jiwe ni la ukubwa gani, na liko wapi? Je, laweza kutoka lenyewe? Je, mkojo wangu umeziba, au una usaha? Njia unayoipendekeza huhitaji nirudi mara ngapi? Je, umeacha kitu chochote ndani ya mwili wangu, na kitatolewa tarehe gani? Daktari mwenye ujuzi hatachukizwa na maswali hayo. Jibu la swali la mwisho liandike, uliweke mahali utakapoliona, kwani figo iliyoziba pole pole yaweza kufa bila kuuma.